Folda ina picha laki mbili, ls inaganda

MtuWaGhala
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara, natunza kompyuta ya ghala la korosho. Kamera ya getini inapiga picha kila kitu kikisogea, hata mbuzi, na zote zinaangukia folda moja. Zimefika laki mbili na ushee, majina ya namna hii: geti_20240312_011542.jpg. Bosi anazitaka za usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi, saa saba hadi saa kumi. Kuna magunia manne hayaonekani. Nikiandika `ls -l *.jpg` (ls ni amri ya Linux ya kuorodhesha faili) najibiwa "Argument list too long", yaani orodha ni ndefu mno. Nikiandika `ls` tupu, chai inachemka kabla haijajibu.

Chungu_cha_Nyaya
Mkuu, ls haina kosa. Ile nyota inafumuliwa kwanza na shell (programu inayopokea amri unazoandika), majina yote yanajazwa kwenye amri moja, na Linux kwa kawaida inaishia MB 2 (andika `getconf ARG_MAX`). ls tupu nayo inayapanga yote kialfabeti ndipo ikuonyeshe la kwanza. Kuchungulia tu, `ls -f | head`, hiyo haipangi. Kazi yako ni ya find, amri ya kutafuta faili:

`find . -maxdepth 1 -name 'geti_20240312_0[7-9]*.jpg'`

Hizo alama za kunukuu usiziache, shell itaifumua nyota tena.

MtuWaGhala
Imetoka papo hapo! Ila naona vibarua wanaingia kazini, jua limeshachomoza, mmoja anakula andazi.

MamaSeva
Hahaha, Chungu kakuandikia saa za Kiswahili. Kwa kamera, saa saba usiku ni 01. Weka `0[1-3]`, utapata mpaka saa tisa na dakika 59. Umeme ukikatika huwa zinabaki faili tupu, ongeza `-size +0` uziruke. Siku ukizifuta, weka `-size 0` halafu `-delete` mwisho kabisa. Mimi niliitanguliza, find inasoma kushoto kwenda kulia, ikafagia folda nzima ya mahudhurio kabla haijafika kwenye sharti. Wiki ile sikulala.

Chungu_cha_Nyaya
Nimeumbuka 😂

MtuWaGhala
Zimebaki picha 41. Saa nane na dakika 12 kuna pikipiki, taa imezimwa. Nimeongeza `-exec cp -t /media/flashi {} +`, zote zimenakiliwa kwenye flashi. Bosi anazitazama sasa hivi, hasemi kitu.