Tupeane uzoefu: elementi gani ya HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti) ilikutoa jasho ulipoanza kutengeneza tovuti?

Habari za jioni wakuu. Nawafundisha vijana wa mtaani kutengeneza tovuti, na naona kinachowasumbua si kukariri tagi. Wanajua <p> ya aya inafungwa kwa </p>, wanajua <img>, <br> na <input> hazifungwi. Shida ni kwamba HTML haimkaripii mtu. Lugha ya programu kama PHP ukiikosea inagoma na kukutajia mstari. HTML ukiikosea, brauza inajirekebishia inavyojua yenyewe, kimya.

Juzi tumehangaika na <ul> iliyowekwa ndani ya <p>. Aya haipokei orodha, kwa hiyo brauza ikikutana na <ul> inaifunga aya hapo hapo. Ile </p> ya mwisho ikikuta hakuna aya iliyo wazi, inazaa aya nyingine tupu. Kijana anaapa msimbo wake uko sawa! Tulimwonyesha kwa F12 (zana za brauza za kukagua ukurasa) ndipo akakubali.

Haya, nyie je?

Fundi Waya: Mkuu, mimi <button>. Fomu ya oda ya duka la vipuri: mteja akibonyeza "Ongeza bidhaa", ukurasa unajipakia upya, alichojaza chote kimepotea. Nikakesha naichokonoa JavaScript bure. Kumbe kitufe kilicho ndani ya <form> usipokitajia aina, kinahesabiwa ni cha kutuma. Andika type="button", kinatulia.

Dada Kibodi: Kwangu <div>, kile kisanduku cha kufungia chochote. Kazini tulirithi tovuti ambayo kila kitu ni div, hadi vitufe. Kwa macho inapendeza. Akaja mwenzetu asiyeona, anatumia programu ya kusoma skrini; akabonyeza Tab hadi mwisho wa ukurasa, hajakutana na kitufe hata kimoja. Tukaweka <button>, <nav> ya menyu na vichwa vya <h1>, <h2>. Sasa anaruka kichwa hadi kichwa. Wale wa "div inatosha, CSS (lugha ya mapambo) itamaliza" huwa siwaelewi.

Mzee wa 2G: Vijana mnadeka 😂 Sisi tulipanga ukurasa kwa <table> ndani ya <table>, juu yake <font> na <center>. Na hiyo <img> haikuwemo kwenye tagi za mwanzo za Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, za 1991. Ilikuja 1993 na brauza ya Mosaic.

Chipukizi: Samahani wakuu, mimi mgeni. <label> ina kazi gani wakati naweza kuandika maneno tu?

Mleta uzi: Ipe for inayolingana na id ya <input>. Mtu akigusa neno "Namba ya simu", kishale kinaingia kisandukuni chenyewe. Halafu weka type="tel", simu italeta tarakimu badala ya herufi.

Chipukizi: Imekubali mkuu, asante. Ila nikifungua kwenye simu maandishi ni madogo mno, hadi nivute kwa vidole.

Fundi Waya: Tazama kwenye <head>, una meta ya viewport (inayoiambia simu ukurasa ufuate upana wa skrini)? Bandika msimbo wako hapa tuuone.