Eti Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani, alilichoma gitaa kwa sababu LILIMSHINDA! Huyu mtu nani alimpa kipaza sauti?

Wakuu, sijalala. Naandika na hasira, kwa hiyo herufi zikirukaruka mniache, najua humu kuna watu kazi yao ni kuwinda "r" na "l" za wenzao.

Jina simtaji, mnamjua. Yule yule wa kofia ya pama. Mchambuzi wa kila kitu chini ya jua, ukimwuliza njia ya Mbagala anaanza kukusimulia ujenzi wa reli. Jana usiku wa zilipendwa, pale pale mnapopajua, DJ nimembembeleza wee, nimempa na soda juu, hatimaye akaweka Hendrix. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule ujengwe! Solo ndiyo kwanza inapanda, mwili unanisisimka, jamaa akanyakua kipaza sauti. Mdomo umejaa mshikaki, mafuta yanamshuka kidevuni. Akasema hivi:

"Huyu gitaa lilimshinda, ndiyo maana akalichoma moto."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mpaka yule dada wa kaunta alicheka, na huyo dada hata ukimlipa deni hacheki.

Jamaa akaona haitoshi. Akameza, akaongeza: "Mshawahi kuona fundi seremala anachoma randa yake?" Watu wakagonga meza. Chupa yangu ikaanguka. Nikasimama nijibu, kipaza sauti hanipi, nikapaza sauti "Monterey! Monterey 1967!" Mhudumu akaniletea menyu.

Gitaa lilimshinda! Hendrix! Mtu wa mkono wa kushoto aliyechukua gitaa la Stratocaster la watu wa kulia, akalipindua juu chini, akapanga nyuzi upya, akalipiga hivyo hivyo mpaka leo watu wanazeeka wakitafuta zile sauti. Mtu aliyetoka kupigia kina Little Richard na Isley Brothers huko nyuma ya jukwaa, akatua London Septemba 1966, na Oktoba mosi akaomba kupanda apige na bendi ya Cream. Cream ya Eric Clapton! Clapton ambaye mashabiki walimwandika ukutani kwamba ni Mungu! Clapton akasikiliza kidogo, mikono ikamlegea, akashuka jukwaani. Sasa mniambie, pale gitaa lilimshinda nani?

Albamu tatu za studio kati ya Mei 1967 na Oktoba 1968. Septemba 1970 mtu amekufa, ana miaka 27. Mimi kwa umri ule nilikuwa bado naombewa kazi na mjomba.

Na wa kofia anakaa hapo na mshikaki wake. WA NNE huo. Kwenye sahani YANGU. "Gitaa lilimshinda." Bado naisikia. Asubuhi nimepiga mswaki naisikia. Mke wangu kaniuliza mbona unauma mswaki.

Hoja nitaleta nikitulia. Kwa sasa naomba ruhusa ya wadau nimchukie huyu mtu rasmi. Nawasilisha.

Mzee wa Kaseti: Nimesoma mpaka mwisho natafuta hoja, nimekuta mshikaki. Swali dogo mkuu: alipomaliza kusema, wewe ukafanya nini?

Mleta uzi: Nikalipa bili nikaondoka.

Mzee wa Kaseti: Na ya kwake?

Mleta uzi: Ilikuwa meza moja.

Mzee wa Kaseti: Hahahaaa! Uzi ufungwe.

Kondakta Mstaafu: Siti ya mbele, karanga ninazo.

Shahidi wa Jana: Nilikuwepo. Mleta uzi kaficha kwamba alipanda juu ya kiti. Pia hakusema "Monterey", alisema kitu kama "mandarini", ndiyo maana kaletewa menyu. Na kusema ukweli ile ya randa ilikuwa kali, mimi mwenyewe bia ilinitokea puani.

Mleta uzi: Wewe ndiye uliyegonga meza chupa yangu ikaanguka. Nakukumbuka.

Kijana wa Juzi: Samahani wakubwa, sijaelewa. Sasa alilichoma kwa nini?

Mleta uzi: Ahsante mdogo wangu, angalau mmoja kauliza. Juni 1967, tamasha la Monterey, California. Wamarekani wenyewe walikuwa hawamjui vizuri, jina kalipata Uingereza. Bendi ya The Who nao walikuwa kwenye ratiba ile ile, na Pete Townshend wao kazi yake ni kuvunja gitaa jukwaani. Hakuna aliyetaka kupanda baada ya mwenzake. Wakarusha sarafu. The Who wakashinda, wakatangulia, wakavunja kila kitu. Sasa Hendrix angefanyaje, aage kwa kupunga mkono? Akapiga onyesho zima, mwishoni akabadilisha gitaa, akachukua lile alilolichora rangi mwenyewe, akalimwagia petroli ya kiberiti, akapiga magoti, akawasha. Lile zuri akaliacha salama! Mtu aliyeshindwa na gitaa anachagua la kuchoma?

Kijana wa Juzi: Kumbe alikuwa na la akiba. Basi wa kofia ana hoja, la kuchoma ndilo lililomshinda.

Mleta uzi: Toka kwenye uzi wangu.

Mpenda Haki 01: Jamani tuwe wakweli, huyo bwana alitoa maoni yake kistaarabu kabisa. Tamasha la Woodstock 1969 Hendrix kapanda Jumatatu asubuhi watu wengi wameshaondoka, mbona hilo hamlisemi? Clapton ndiye fundi, anapiga gitaa lake anarudi nalo nyumbani. Halafu mshikaki ulikuwa wa tatu, si wa nne.

Kondakta Mstaafu: Akaunti imefunguliwa leo. Posti ya kwanza. Na idadi ya mishikaki anaijua.

Shahidi wa Jana: Karibu jukwaani bosi, vua kofia kwanza.

Mleta uzi: NI YEYE. Wakuu ni yeye! Woodstock watu waliondoka kwa sababu ratiba ilichelewa, alitakiwa kupiga Jumapili usiku! Waliobaki ndio waliosikia wimbo wa taifa wa Marekani ukipigwa kwa gitaa moja mpaka ukasikia mabomu yakidondoka, na vita ya Vietnam iko motomoto! Rudia hapa, mbele ya watu, gitaa lilimshinda?

Mpenda Haki 01: Simjui mnayemsema.

Ustadhi wa Kinondoni: Mimi nimekwama hapo mtu kuandikwa ukutani kuwa ni Mungu. Astaghfirullah. Halafu mnashangaa mikono kumlegea.

Mzee wa Kaseti: Tulia ustadhi, ukuta ulishapata haki yake. Ipo picha maarufu ya maandishi yale huko Islington, mbwa kainua mguu anaukojolea.

Ustadhi wa Kinondoni: Alhamdulillah.

Fundi Chuma: Nyote mmepotea. Hao wana vidole kamili. Mimi kura yangu kwa Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath, kiwandani mwenzangu. Birmingham, kijana wa miaka 17, siku yake ya MWISHO kazini, mashine ikamla ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye ni wa kushoto, kwa hiyo ndio mkono wa kubana nyuzi. Wakamwambia basi tena. Akachukua chupa ya plastiki ya sabuni, akaiyeyusha, akajifinyangia vikofia vya vidole, juu akabandika ngozi ili visiteleze. Plastiki haina hisia, akibana hajui kabana kiasi gani, anategemea sikio. Akatafuta nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza na tuni ikashuka, mlio ukawa mzito vile. Albamu ya kwanza 1970. Huyo ndiye gitaa lilijaribu kumshinda likashindwa.

Kijana wa Juzi: Fidia alilipwa?

Fundi Chuma: Mdogo wangu usinitoneshe. Mimi kidole changu cha shahada kiliondoka na grainda, bosi akaniletea ndizi na maziwa ya pakti.

Kondakta Mstaafu: Pole sana mkuu. Afadhali wewe ulipata ndizi, sisi kwenye magari ukianguka mlangoni unadaiwa hesabu ya siku.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kidevu kinang'aa mafuta, anasema LILIMSHINDA.

Dada wa Kwaya: Mmejaa wanaume watupu, mnajaza kurasa hakuna hata mmoja aliyemtaja Sister Rosetta Tharpe. Mama wa kanisani, Arkansas, kaanza kurekodi 1938, huyo Hendrix wenu hajazaliwa. Itafuteni ile video ya Manchester, Mei 1964. Wamemweka kwenye kituo cha reli kilichofungwa, watazamaji wako jukwaa la ng'ambo ya reli, yeye upande huu, mvua ndiyo imetoka kunyesha. Kashuka na koti lake la kiheshima, kachukua gitaa la umeme, akalipiga kama kazaliwa nalo, na huku anaimba. Hakuchoma kitu, hakuvunja kitu. Ukumbi wa heshima wa roki umemkumbuka 2018, wakati kafariki 1973. Ndivyo mlivyo.

Mpenda Haki 01: Nakuunga mkono dada. Hakuchoma kitu.

Mleta uzi: WEWE NYAMAZA.

Kijana wa Juzi: Umeme na mvua? Huku kwetu wingu likipita tu umeme umekata.

Kondakta Mstaafu: Usiongee habari za umeme, jana nimenunua wa elfu kumi, makato yamekula, uniti zilizobaki hata uji haziivishi.

Mtoto wa Shangani: Hamjambo nyote. Nyie watu wa bara mna ugomvi, na mpiga gitaa wa mtoto wetu hamumtaji! Freddie Mercury kazaliwa hapa hapa Unguja 1946, kwa hivyo Brian May, mpiga gitaa wa bendi yake ya Queen, ni mtu wa nyumbani. Gitaa lake hakununua, kalichonga na baba yake kuanzia 1963, shingo wameitoa kwenye mbao kuukuu ya jiko la kuotea moto. Na kupigia hatumii kitu cha plastiki, hutumia sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Kisha akenda akasoma nyota mpaka udaktari, 2007. Mwenye kuchoma na mwenye kuchonga, nani fundi?

Mzee wa Kaseti: Queen ni miaka ya 70, sheikh. Hapa mjadala ni miaka ya 60.

Mtoto wa Shangani: Nani kasema miaka ya 60? Mie naona mishikaki tu.

Mwana Rumba: Nimewavumilia vya kutosha. Mnabishana habari za roki wakati Dr Nico, mpiga gitaa wa Kongo, yupo! 1960 yuko Brussels na bendi ya African Jazz, Hendrix hata jeshini hajaingia. Sauti ya gitaa inalia, huhitaji moto wala mbwa. Na inajulikana Hendrix alimfuata Nico Paris kwenda kumpa heshima.

Fundi Chuma: Hiyo chai. Weka picha.

Mwana Rumba: Inajulikana.

Fundi Chuma: Chai ina tangawizi kabisa.

Mzee wa Kaseti: Nico fundi, lakini Franco alijaza miaka zaidi ya 30 na OK Jazz yake. Nico aliwapigia masikio, Franco aliwapigia miguu.

Mwana Rumba: Franco gitaa lake lile lile kila wimbo!

Mzee wa Kaseti: Lile lile ndilo lililokuoza wewe kwa mkeo, harusini kwako lilipigwa mpaka asubuhi.

Mluguru Halisi: Mkimaliza safari za Kinshasa mrudi Morogoro. Mbaraka Mwinshehe, solo, sauti na utunzi, mtu mmoja. 1970 yuko Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia na Morogoro Jazz, bendera ya taifa hili. Ajali ikamchukua Mombasa, Januari 1979. Hakuna ukumbi wa heshima, hakuna barabara ya maana, na usiku wa zilipendwa mnalia na Hendrix.

Dada wa Kwaya: Hapo umenena. Na kanda zake watu wanajiuzia tu barabarani.

Shahidi wa Jana: DJ wa pale ana Mbaraka mmoja tu, na huo mmoja unakwama katikati.

Mwana Rumba: Amplifaya yake ndiyo mbovu. Mimi najua kwa sababu ni YANGU. Nilimwazima, hajarudisha, nikimpigia ananiambia yuko msibani. Ndugu gani hao wasioisha?

Fundi Chuma: Usimwazime mtu amplifaya. Mimi drili yangu ipo Kibaha na sijui kwa nani.

Mtoto wa Shangani: Ya watti ngapi hiyo?

Mwana Rumba: Mia mbili. Spika moja inakwaruza.

Mleta uzi: Jamani. Randa. Alisema RANDA.

Kondakta Mstaafu: Mkuu tutarudi kwako. Mwana Rumba, akikurudishia unauza?

Mpenda Haki 01: Kama unauza, mimi nipo kila Ijumaa pale pale. Agiza mshikaki tuongee.