Kusomea muziki chuo kikuu kukoje hasa? Nipo Mbeya, naombeni mwongozo

Kinanda_Uyole:
Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, nimesoma HGL, na toka utotoni napiga kinanda kanisani, sasa hivi ndo mimi naifundisha kwaya ya vijana sauti zote nne. Nataka niombe chuo nisomee muziki kabisa, digrii, lakini nyumbani bado hawajaelewa, baba anauliza kwani kuimba nako mtu anakaa miaka mitatu anasomea? Na mimi nikitaka kumjibu nakosa maneno maana sijui mle ndani wanafanya nini hasa. Ni kupiga vyombo tu au kuna madarasa ya kukaa na kuandika? Na mtu anayesoma solfa (zile do re mi) vizuri ila nota za mistari hazijui, anaweza akaingia akaelewa? Walioisoma naombeni mnielekeze, hii kitu naitaka kweli.

Alto_Makambako:
Karibu mdogo wangu. Mimi nimeisoma na sasa naifundisha, kwahiyo mwambie mzee kwa heshima zote kwamba kupiga chombo ni kipande kimoja tu cha kozi. Kuna nadharia, kuna hamoni, kuna historia ya muziki, utunzi, kuongoza kwaya na bendi, halafu kuna somo la sikio ambalo ndo linawatoa watu jasho: mwalimu anakaa kwenye piano anapiga mstari mfupi, anaurudia kidogo, wewe huoni vidole vyake, unatakiwa uandike kilichopigwa, noti na midundo yake. Baadaye anaanza kupiga kodi (chord), yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, na hapo unaandika besi imekwenda wapi na juu kumetokea nini.

Kwenye hamoni, yaani kupanga sauti ziende pamoja, unapewa sauti moja, labda soprano, unajaza zile tatu zilizobaki kwa kanuni zilizotokana na watunzi wa kina Bach, yule Mjerumani aliyezaliwa 1685 akafa 1750. Kuna kanuni moja inatusumbua sana sisi tuliotoka kwenye kwaya. Kama besi ipo do na tenor ipo so, haziruhusiwi kupanda pamoja moja iende re nyingine la, ukiandika hivyo karatasi inarudi na wino mwekundu. Sasa nenda kasikilize Wagogo wa Dodoma wanavyoimba, sauti zao zinatembea sambamba hivyohivyo kwa nne na kwa tano na ndo uzuri wenyewe, marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka nao dunia nzima na ilimba (kile chombo cha kupigwa kwa vidole gumba) na zeze mkononi. Hakuna aliyekosea hapo, ni mifumo miwili, na chuo kizuri kinakufundisha yote miwili, kwahiyo utatumwa kwenda kijijini kurekodi ngoma za wazee, uzisikilize tena na tena na uziandike. Mimi hilo somo nililipenda kuliko yote na nadhani mtu wa huku kwetu ana faida kubwa, maana ngoma bado zipo zinachezwa.

MwlKwaya_Iringa:
Kamwene. Nijibu la solfa maana nalipenda. Hiyo ilienezwa na John Curwen kule Uingereza karne ya 19, wamisionari wakaja nayo, ndo maana vitabu vyetu vya kwaya vimejaa d r m. Usiione kama upungufu kijana, sikio lako tayari linajua do iko wapi na ti inataka kwenda wapi, na hicho ni kitu ambacho wengine wanakwenda kukianza chuoni. Kilichobaki kwako ni macho tu. Chukua wimbo unaoujua kwa solfa, chora mistari mitano, weka alama ya treble mwanzoni, uandike kwa G, yaani do iwe ndo G: do inakaa mstari wa pili kutoka chini. Ukimaliza uandike tena huohuo kwa F, do inahamia nafasi ya kwanza kutoka chini. Fanya kwa mkono wako mwenyewe, kila siku wimbo mmoja, usitumie programu kwanza. Ukitaka kujipima, ile mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, ina gredi 1 mpaka 8, na huwezi kufanya gredi 6 ya chombo kabla hujafaulu nadharia ya gredi 5 au kitu kinacholingana nayo. Ukiwa umefika hapo kwenye nadharia utakaa darasani bila hofu.

FundiSauti_Mafinga:
Niongezee vyuo na kazi. Digrii ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ipo na Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha. TaSUBa Bagamoyo, kile kilichoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, wanatoa cheti na diploma na mikono inafanya kazi zaidi kuliko kalamu. Ukipenda taarabu na vyombo vyake kama udi na kanuni, kuna chuo cha muziki cha DCMA Zanzibar toka 2002. Kazi usimdanganye mzee kwamba zipo nyingi, ila zipo: kufundisha, studio, bendi za polisi na jeshi, makanisa makubwa. Na ujue mazoezi ni ya kila siku, mwisho unapiga mbele ya jopo la walimu wamekaa kimya wanaandika.

Kinanda_Uyole:
Ndaga fijo wakubwa zangu, nimemsomea baba yote, kasema tutaongea. Swali moja tu, kinanda cha kanisani kina funguo 61 na ni nyepesi, nikikutana na piano yenyewe itakuwaje?

Alto_Makambako:
Piano ina funguo 88 na ni nzito, vidole vitachoka mwanzoni ila vinazoea. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kitufe cha transpozi, kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chenyewe, wapiga vinanda wengi makanisani wanapiga kila kitu kwa C halafu wanabonyeza. Kizime kuanzia leo, piga G yenyewe na F yenyewe. Na skeli ya C mkono wa kulia vidole viende 1 2 3 halafu gumba lipite chini, 1 2 3 4 5, polepole. Kwaya ikiomba wimbo upandishwe, hamisha mikono. Jumapili za mwanzo mwambie mwalimu wa kwaya akuvumilie, atakuelewa.