Rodgers na Packers ya 2022: lawama ni za mrushaji au za mikono iliyoangusha mpira?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Kila wakikutana mashabiki wa Green Bay Packers, msimu wa 2022 lazima uzue ubishi, na wengi wana jibu lao tayari: Aaron Rodgers alifanya kazi yake, vijana wakaangusha mipira. Mimi nakataa. Naomba tuuchambue msimu mzima, tusiishie kwenye pasi moja.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Marekani: kotabeki ndiye anayerusha pasi, wapokeaji ndio wanaokimbia kuzidaka. Rodgers aliuanza msimu ule akiwa na miaka 38 na tuzo mbili mfululizo za mchezaji bora wa ligi, za 2020 na 2021. Machi 2022 mpokeaji wake mkuu, Davante Adams, akapelekwa Las Vegas Raiders. Packers wakapata nafasi mbili za kuchagua chipukizi kwenye ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi kwa raundi. Ya kwanza wakamchukulia mlinzi Quay Walker. Ya pili wakaiunganisha na nyingine yao, wakabadilishana na Minnesota Vikings ili wampate Christian Watson, kijana mrefu mwenye mbio kali kutoka North Dakota State.

Septemba 11, mechi ya kwanza, ugenini kwa Vikings haohao. Shambulizi la kwanza kabisa la Packers, Watson amekwisha kumwacha mlinzi wake, Rodgers anaachia mpira mrefu, unamfikia kijana mikononi akiwa peke yake, unamponyoka. Ingekuwa tachidauni ya yadi 75, yaani kufunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani. Packers walilala 23-7, na tangu siku hiyo tukio lile limefanywa ushahidi wa kila kilichoharibika mwaka ule. Hapo ndipo nisipokubaliana na wenzangu.

Mrushaji na mpokeaji hawazoeani kwa sababu tu wamevaa jezi moja. Wanazoeana kwa kurudia njia ileile mpaka mpira uweze kuachiwa kabla mpokeaji hajageuza kichwa. Kazi hiyo hufanyika kwenye mazoezi ya hiari ya Mei na Juni. Rodgers hakwenda, alitokea yalipofika yale ya lazima. Agosti akawaambia waandishi wa habari kwamba vijana wanaangusha mipira mno na wanakimbia njia zisizo zao. Oktoba, timu ikiwa inapoteza, akasema hadharani kwamba wanaokosea mara nyingi hawafai kuchezeshwa. Asiyekuwepo na lake halipo, wakuu. Mwalimu aliyekosa vipindi hana haki ya kuwa wa kwanza kuwasema wanafunzi mbele za watu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mtoa mada, kwa heshima zote, unamwonea mzee wa watu. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Adams alidaka pasi 123 mwaka 2021, yadi 1,553. Mwondoe huyo, umpe kotabeki Watson na Romeo Doubs waliotoka chuoni juzi, Randall Cobb ambaye mbio zimekwisha, na Sammy Watkins ambaye hata Desemba hawakumaliza naye, halafu udai matokeo ya mwaka jana!

Mazoezi ya hiari maana yake ni hiari. Mtu yuko kwenye ligi hii tangu 2005. Na pasi ya Minnesota ilikuwa imekamilika kwa kila kitu: muda, urefu, mahali ilipotua. Mei gani ingemfundisha Watson kufumba vidole? Tena Watson mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa goti kiangazi kile, akakosa sehemu kubwa ya maandalizi. Hilo nalo ni kosa la Rodgers?

Na mbona umeliruka la kidole gumba? Oktoba 9, London, dhidi ya New York Giants, alivunjika gumba la mkono wa kulia, ndio mkono anaorushia. Aliendelea hivyo hivyo hadi mwisho wa msimu, hakukosa kuanza mechi hata moja. Ukitaka haki, itende pande zote.

MTOA MADA

Mkuu, ushujaa wa kucheza na gumba bovu siupingi, na nauheshimu sana. Ila tazama mechi ileile ya London. Gumba liliumia kwenye shambulizi la mwisho kabisa la mechi. Kabla ya hapo Packers walikuwa wakiongoza 20-10 mapumziko. Mwishoni wako nyuma kwa 27-20, wamefika karibu kabisa na mstari wa Giants, wanahitaji kusogea kidogo sana wapate nafasi mpya za kushambulia, na Aaron Jones, mkimbiaji hodari, yupo uwanjani. Ikarushwa pasi. Ikazuiwa palepale mstarini. Ikarushwa nyingine, nayo ikazuiwa. Mechi ikaisha 27-22. Nionyeshe mpokeaji aliyeangusha kitu hapo.

Halafu Novemba 6, Detroit. Lions walishinda 15-9 na kunasa pasi tatu za Rodgers. Moja aliirusha wakiwa wamebakiza yadi moja wafunge, na aliyelengwa alikuwa David Bakhtiari, mlinzi wa pembeni ambaye kazi yake ni kumkinga kotabeki, wala si kudaka. Aidan Hutchinson akaichukua. Huo ndio uamuzi wa mchezaji bora wa ligi mara nne! Msimu mzima walinasa pasi zake 12. Mwaka uliotangulia zilikuwa nne tu.

Na la upasuaji wa goti linanisaidia mimi. Kama kijana atakosa Agosti, basi zile siku za kabla ya upasuaji ndizo zilizokuwa na thamani kubwa zaidi.

MCHANGIAJI WA PILI

Mechi ya Giants niliitazama pale uwanjani Tottenham. Mashabiki wa Packers waliokuwa karibu yangu walikuwa wanamtaja Jones kwa sauti, apewe mpira. Kocha Matt LaFleur naye asiachwe nje ya lawama hii, maana mipango ya mashambulizi ni yake.

MCHANGIAJI WA TATU

Naishi Wisconsin, jimbo la Packers, na huku ubishi huu umegawa hadi familia. Ninyi wawili mnapigana juu ya watu wa uwanjani, mnawasahau wa ofisini. Kabla ya 2025 mara ya mwisho Packers kutumia nafasi ya raundi ya kwanza kwa mpokeaji ilikuwa 2002, walipomchukua Javon Walker. Hesabuni wenyewe: Rodgers alifika 2005, akaondoka 2023, hakupewa hata mmoja. Mwaka 2020 walikuwa wametoka kufungwa fainali ya kanda na San Francisco 49ers 37-20, kila mtu anajua wanakosa mpokeaji wa pili wa kumsaidia Adams. Meneja mkuu Brian Gutekunst akapanda hadi nafasi ya 26 na kumchagua kotabeki mwingine, Jordan Love. Mimi ningekuwa Rodgers ningeumia.

Adams, kwa haki, aliondoka kwa matakwa yake. Packers walikuwa tayari kumlipa, yeye akataka kwenda kucheza na Derek Carr, rafiki yake wa tangu chuo cha Fresno State. Lakini timu iliyojipanga haibaki mikono mitupu mtu mmoja akiondoka.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ahsante sana wa Wisconsin. Sasa mtoa mada nijibu hili la kotabeki Tom Brady. Msimu wa 2019, yuko New England Patriots, umri miaka 42. Julian Edelman anaangusha pasi muhimu dakika za mwisho dhidi ya Tennessee Titans kwenye mtoano, Patriots wanatolewa 20-13, pasi ya mwisho ya Brady inanaswa na Logan Ryan na kurudishwa tachidauni. Nchi nzima ikasema mzee kaisha. Mwaka uliofuata yuko Tampa Bay, ana Mike Evans, Chris Godwin na Rob Gronkowski aliyerudi kutoka kustaafu. Tachidauni 40. Februari 7, 2021 anamchapa Kansas City 31-9 na kubeba Super Bowl, kombe la ligi, akiwa na miaka 43. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni watu wa kudaka.

MTOA MADA

Huo ni ushahidi mzito, mkuu, na bila Evans na Godwin hakuna kombe. Ila fuatilia Brady alifanya nini kabla ya msimu ule. Ilikuwa 2020, kambi zimefungwa kwa sababu ya korona. Aliwakusanya wapokeaji wake kwenye uwanja wa shule moja pale Tampa, wakafanya mazoezi wenyewe, hata chama cha wachezaji kiliposhauri watu wasikutane. Mtu mwenye Super Bowl sita, anatafuta kuzoeana na watu wapya. Hicho ndicho ninachokidai kwa Rodgers, na si kingine.

Kisha njoo 2023. Rodgers amekwenda New York Jets, kotabeki ni Love, msimu wake wa kwanza kama chaguo la kwanza. Wapokeaji ni Doubs yuleyule na Watson yuleyule, tena Watson alicheza mechi tisa tu kwa majeraha. Usiniambie walikuwa wamekomaa, kwa sababu aliyeongoza kwa kudaka alikuwa Jayden Reed, chipukizi wa mwaka uleule: pasi 64, yadi 793. Love alirusha tachidauni 32, Packers wakaingia mtoano, wakaenda Dallas wakawapiga Cowboys 48-32 nyumbani kwao. Siku hiyo Doubs peke yake alipata yadi 151. Hiyo mikono iliyosemwa haifai ndiyo hiyo.

MCHANGIAJI WA PILI

Tusimpambe Love kupita kiasi. Packers walianza 2023 kwa kushinda mechi mbili na kupoteza tano, na huko San Francisco pasi ya mwisho ya msimu aliirusha yeye, ikanaswa, wakatoka 24-21.

Halafu mtoa mada, kuna jambo hujaligusa. Novemba 2022, dhidi ya Dallas, Watson alidaka tachidauni tatu za Rodgers. Ndani ya mechi nne akafunga nane kwa jumla, moja kwa kukimbia na mpira. Kama hawakuaminiana, hizo zilitoka wapi?

MTOA MADA

Zilitoka kwenye kuzoeana, ndugu yangu, kulikokuja wiki ya kumi! Walipofika mechi ile ya Dallas walikuwa wameshinda tatu na kupoteza sita, tano kati ya hizo mfululizo. Tangu hapo timu ilisogea mpaka ikafika mechi ya mwisho, Januari 8, 2023, nyumbani Lambeau Field, inahitaji ushindi mmoja tu iingie mtoano. Lions walikuwa wamekwisha kutolewa mchana uleule kwa matokeo ya Seattle, hawakuwa na cha kugombea, wakashinda 20-16. Pasi ya mwisho ya Rodgers kama mchezaji wa Packers ikadakwa na Kerby Joseph wa Lions. Walimaliza msimu kwa kushinda nane na kupoteza tisa. Ushindi mmoja tu ndio uliopungua, na wiki zile za Septemba na Oktoba ndizo zilizotumika kujifunza mambo ya Mei.

MCHANGIAJI WA TATU

Na katika mechi hiyohiyo Quay Walker alitolewa nje kwa kumsukuma mhudumu wa afya wa Lions. Narudia: ofisi. Watson na Walker ndio waliopatikana kwa kumwachia Adams.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mtoa mada, wewe mwenyewe umesema ni ushindi mmoja tu. Basi nami nashikilia palepale. Minnesota ilikuwa inaongoza 7-0, ile pasi ikidakwa ni 7-7, uwanja unanyamaza, na vijana wanaanza msimu wakijiamini badala ya kuogopa mpira hadi Novemba. Utaniambia Justin Jefferson, mpokeaji wa Vikings, alipata yadi 184 siku ile na Packers wangefungwa tu. Sawa, lakini woga ule ulidumu wiki ngapi? Kotabeki akishaona hivyo anaanza kuwakwepa watu, anarusha hata kwa Bakhtiari. Na Adams alipomfuata Jets Oktoba 2024 nakuona unajiandaa kuniambia walishinda tatu tu kati ya 11. Mtu ana miaka 40, ametoka kukatika kano ya kisigino. Lete mwaka mwingine ambao Rodgers alikuwa mzima, ana wapokeaji wa maana, akashindwa kufika hata mtoano. Nasubiri.