Naanza mkataba wa wiki 13 Jumatatu, mafunzo ni siku moja tu. Naombeni ushauri

Muuguzi_Mgeni
Habari za kazi wadau. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hapa Marekani, mwaka wa nne sasa, na miaka yote hiyo nimekuwa hospitali moja. Jumatatu naanza mkataba wangu wa kwanza wa uuguzi wa kusafiri, yaani wakala ananipeleka hospitali nyingine kwa muda, zamu za usiku za saa 12. Napewa siku moja ya kujifunza kompyuta yao, zamu moja ya kumfuata mwenyeji, halafu nakabidhiwa wagonjwa. Kazi siiogopi. Ninachoogopa ni mgonjwa abadilike ghafla saa tisa usiku, nami hata namba ya kupiga siijui. Pia mkataba unasema naweza kuhamishiwa wodi nyingine "kulingana na uhitaji". Hiyo ni kawaida?

Zamu_ya_Usiku
Hongera mdogo wangu. Nimeshafanya mikataba saba, na mpaka leo siku ya kwanza tumbo hunikata.

Hilo la saa tisa usiku limalize mapema. Fika nusu saa kabla. Mwombe mfawidhi wa zamu akupeleke lilipo toroli la dharura na chumba cha dawa. Usikubali kuelekezwa kwa kidole, nenda ukalishike toroli lenyewe. Namba ya kuita timu ya dharura iandike nyuma ya kitambulisho chako. Mkataba wangu wa pili mgonjwa alishuka presha, na kwa mazoea nikapiga namba ya hospitali niliyotoka. Simu ikaita weee, hakuna mtu. Aliyeniokoa ni msaidizi wa wodi aliyekuwa anapita. Sijasahau.

Halafu heparini ya dripu (dawa ya kuzuia damu kuganda) na insulini. Kila hospitali ina utaratibu wake: damu inapimwa kila baada ya saa ngapi, nani anahakiki dozi pamoja nawe. Ule uliouzoea uache ulikotoka, fungua wa pale usome. Mashine ya dripu kama ni ngeni kwako, omba kuonyeshwa siku ya mafunzo, si ukiwa mbele ya mgonjwa.

Na uliza, dada. Wenyeji humwogopa mgeni asiyeuliza.

Kalamu_Nyekundu
Kuhamishwa ni kawaida, na mara nyingi mgeni ndiye huanza. Ila "kulingana na uhitaji" haina mpaka. Mpigie wakala leo aandike ni wodi zipi. Muulize pia: wakikufutia zamu kwa kuwa wagonjwa ni wachache, unalipwa? Ahadi ya simu si mkataba. Unaenda jimbo gani? California sheria inaweka wagonjwa watano kwa muuguzi mmoja kwenye wodi kama yako, lakini majimbo mengi hayana kitu hicho.

Muuguzi_Mgeni
Asanteni sana. Naenda Texas, leseni yangu ni ile ya majimbo mengi. Je, wakinipa wagonjwa nisioweza kuwahudumia salama?

Kalamu_Nyekundu
Sema kabla hujapokea ripoti ya makabidhiano ya wagonjwa. Ukishapokea wagonjwa, kuondoka bila kuwakabidhi kwa mwingine kunaweza kugusa leseni yako. Texas kuna kinga ya kisheria inayoitwa Safe Harbor. Unaiomba pale pale unapopangiwa, au hali ikibadilika katikati ya zamu. Kesho yake utakuwa umechelewa. Inakulinda dhidi ya bodi ya uuguzi isikuadhibu na dhidi ya mwajiri kukulipizia kisasi, mradi umeiomba kwa nia njema.

Zamu_ya_Usiku
Nakazia hapo. Na umtajie mfawidhi jambo lenyewe: "mgonjwa wa mashine ya kupumulia sijawahi kumhudumia". Ukisema tu "nimelemewa", atakupa pole na wagonjwa watabaki wako.

Muuguzi_Mgeni
Mrejesho: fomu ya kuomba Safe Harbor nimeipata kwenye tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Texas, nimechapa nakala mbili. Wakala amekubali kuandika wodi mbili tu. La zamu zinazofutwa bado tunavutana, nampigia tena kesho asubuhi.