Hoteli za Mombasa: kabla hujafungua sanduku

Kutoka: Toronto

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Disemba inshallah nakuja Mombasa kwa harusi ya mdogo wangu, na safari hii nyumba ya baba imejaa. Wageni wa Lamu na wa Tanga wameshagawana vyumba mpaka ukumbini, kwa hiyo mimi na wanangu wawili tutalala hotelini siku kumi. Sijawahi kulala hoteli katika mji niliozaliwa, na wasiwasi wa uchafu umenishika. Nimeshanunua vitambaa vya kufutia vyenye dawa, shuka zangu mwenyewe, mifuko ya plastiki ya viatu na nguo chafu, na makopo matatu ya dawa ya kupulizia wadudu. Mume wangu aona nimezidi. Walionitangulia naomba waniambie nibebe nini hasa, na nikifika nianzie wapi. Mwanangu wa pili ana pumu, kwa hiyo tafadhali msiniambie "utazoea tu".

---

Kutoka: Leicester

Wa alaykum salaam dadangu, na hongera kwa harusi.

Mifuko ya plastiki iache huko huko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hutaki kuanza safari kwa kunyang'anywa mifuko kwenye kiwanja cha ndege, Changamwe. Chukua foronya kuukuu nne tano. Viatu ndani, nguo chafu ndani, unafunga fundo. Ukirudi foronya inaingia mashine ya kufulia na nguo zake, maji ya nyuzi 60, na yamekwisha.

Makopo ya dawa nayo yaache. Hili nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu limenikuta.

Miaka michache nyuma nililala siku tatu katika hoteli moja ya ufukweni kabla ya kuhamia kwa mamangu, Kibokoni. Chumba kilikuwa kinang'aa. Sakafu yanukia, maua ya asmini juu ya mto. Nikalitupa sanduku kitandani, nikalifungua, nikaenda kuoga. Asubuhi ya pili nikaona vipele vitatu mkononi, vimejipanga mstari mmoja kama vifungo vya shati. Nikasema ni mbu. Nikaenda zangu kwa mamangu na sanduku lile lile, nikalisukuma mvunguni mwa kitanda cha marehemu bibi, nikakaa wiki mbili. Nimesharudi Leicester ndipo dada yangu akanipigia simu: kunguni wamo samadarini, kile kitanda cha bibi.

Godoro la samadari ile lilikuwa la sufi, bibi alilijaza kwa mikono yake. Walilitoa nje kichochoroni kulianika, wakati watu wanapita kwenda kuswali adhuhuri. Dada aliniambia mamangu alisimama mlangoni amejifunika leso mpaka puani, anajibu salamu za wapita njia mmoja mmoja. Niliposema naye kwa simu hakunilaumu hata neno. Aliniuliza tu, "Na huko kwako, wamo?" Mpaka leo swali lile lanichoma.

Jua halikusaidia. Kunguni hufa haraka joto likifika nyuzi 50 hivi, lakini jua huunguza juu ya godoro tu. Ndani hakupati moto, nao hujisogeza huko huko. Akaitwa mtu wa kupuliza dawa. Baada ya siku kumi wamerudi, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai, na yai la kunguni huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Ilibidi arudi mara ya pili na ya tatu. Godoro la bibi likachomwa.

Sasa makopo yako. Mengi ya dukani yana dawa za jamii ya pairethroidi, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Ukipuliza unawatawanya kutoka kitandani hadi ukutani na sandukuni, na mtoto wa pumu anavuta ule moshi usiku kucha. Kunguni kwa yote hayo hajathibitishwa kumwambukiza mtu ugonjwa. Anakera na ananyima usingizi, lakini dawa ile kwa mwanao ni hatari kuliko yeye. Kunguni unamtafuta kwa macho tu.

Mkifika, sanduku lisiguse kitanda wala zulia. Lipeleke bafuni, juu ya vigae, na watoto wasimame mlangoni. Washa tochi ya simu. Fungua shuka pembe za upande wa kichwani, fuata mshono wa godoro kwa kidole, uinue lebo yake, kisha pembe za miguuni. Mulika nyuma ya ubao wa kichwani na matundu ya skurubu. Kama kuna chandarua, kikunjue pale kilipofungwa fundo juu. Unatafuta vidoti vyeusi ambavyo ukivipangusa kwa kitambaa kibichi vinatanuka kama wino, maganda mepesi ya rangi ya manjano, mayai meupe ya milimita 1, au mwenyewe: bapa, rangi ya hudhurungi, kiasi cha punje ya adesi. Haruki wala hapai, anatambaa tu. Kazi yote haipiti dakika kumi. Ukiona kitu, piga picha, teremka mapokezi, useme kwa upole, na uombe chumba kilicho mbali. Kile cha ubavuni, cha juu yake au cha chini yake usikikubali, kwa maana hupita kwenye nyufa za ukuta na njia za waya.

Kwa mwanao mimi ningeogopa ukungu kuliko uchafu wa rimoti ya televisheni. Unajua unyevu wa mji wetu, kiatu cha ngozi ukikisahau kabatini mwezi mmoja kinaota manyoya. Kabla hujapokea chumba washa kiyoyozi, kiache dakika kumi, simama chini yake uvute pumzi. Kikitoa harufu ya nguo iliyokaukia ndani, chujio lake halijafuliwa. Chungulia nyuma ya pazia na pembe za dari la bafuni. Piga simu mapema uombe chumba chenye sakafu ya vigae, kisicho na zulia. Hilo peke yake litakusaidia zaidi ya vyote ulivyonunua.

Maji. Mji una shida ya maji tangu tuko wadogo. Yanatoka mbali, Mzima na Baricho, na yakikatika hoteli hutumia visima, na visima vingi vya pwani ni chumvi. Usiyanywe, hata kusukutulia watoto tumia ya chupa. Na kama chumba kilikaa bila mtu, fungua shawa, toka bafuni, iache imwage dakika chache. Maji yaliyolala kwenye mabomba na matangi ya juani huwa vuguvugu, na kuna bakteria anayependa hali hiyo, aitwaye Lejionela, anayeingia mapafuni kwa mvuke. Aligunduliwa baada ya wageni wa hoteli moja ya Philadelphia kuugua mwaka 1976. Ni nadra, lakini kinga yake ni kufungua bomba tu.

Vitambaa vyako vya dawa beba, si haba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston waliwahi kupima vyumba vya hoteli Marekani, mwaka 2012, wakakuta rimoti na swichi ya taa ya kitandani ni miongoni mwa vitu vichafu kabisa, kuliko hata kitasa cha bafuni. Kwa hiyo futa rimoti, swichi, simu na bomba la sinki, na uviache vibaki vibichi kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukifuta na kukausha hapo hapo hujafanya kitu. Na usitegemee jeli ya mikono peke yake. Virusi vinavyoleta kuhara na kutapika hotelini vingi haviogopi spiriti, vinaondoka kwa sabuni na maji.

La kuswalia usihangaike, leso yako safi yatosha. Kopo la chooni ulizia kabla, mara nyingi huletwa ukiomba.

---

Kutoka: Doha

Dada zangu, mimi nimetandika vitanda vya hoteli Pwani ya Kaskazini miaka kumi na moja kabla ya kuja huku. Niruhusuni nami niseme.

Aliyosema dada wa Leicester ni kweli, kuna machache tu yamempita.

Shuka, foronya na taulo tulikuwa tukibadilisha kila mgeni akitoka, na msimamizi alipita kukagua. Blanketi, na kile kitambaa cha mapambo cha miguuni mwa kitanda, hapana. Hivyo vilikwenda kufuliwa vikionekana vichafu, au msimu ukiisha. Kwa hiyo ukiingia, kile kitambaa kikunje ukiweke kabatini, na uombe blanketi iliyotoka kufuliwa. Ukiiomba mchana, wakati dobi yuko kazini, utaipata. Ukiiomba saa nne usiku utaletewa iliyopo.

Glasi. Hapa nasema na huku naona haya. Tulikuwa na vyumba kumi na vinne kwa zamu, na glasi chache za akiba. Niliziosha kwenye sinki la bafuni na kuzikausha kwa taulo, na kuna siku taulo lenyewe lilikuwa la mgeni aliyetoka. Sikuwa nimefundishwa vingine. Glasi na vikombe vyako vioshe mwenyewe kwa sabuni, uviache vijikaushe. Birika la umeme lichemshe maji mara moja ya kumwaga, ya pili ndiyo ya chai. Ile koga nyeupe ya ndani ni chokaa ya maji yetu.

Taulo likiwa gumu na rangi imefifia usilikatae kwa hilo. Maji ya kisima hayatoi povu, na hata likifuliwa mara mia halirudi jeupe. Linuse. Taulo safi halina harufu. Likinuka unyevu lirudishe, hata kama ni jeupe pe.

Hao watafiti nimewasikia pia, na walikuta sponji na matambara ya mikokoteni yetu ni machafu vile vile. Tambara moja hupita vyumba vingi. Ukimwambia mhudumu, "Dada, nisaidie kwa tambara jipya, mwanangu ana pumu," hatakasirika, atakwenda kulitafuta. Mwambie pia asipulize manukato chumbani. Wageni wengi huyapenda, na sisi tulipuliza tukidhani twafanya vizuri.

Lakini jambo moja nawasihi. Kama umepata Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hapo mjini ukataka kusugua bafu mwenyewe, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Mwenzangu alimimina hii juu ya ile ndani ya bafu lisilo na dirisha. Nilisikia kikohozi nikiwa chumba cha pili, nikamkuta amekaa ukumbini, macho mekundu, hawezi kusema. Mvuke ule ni klorini. Alipumzishwa siku nne na sauti yake haikurudi sawa mwezi mzima. Na wewe una mtoto wa pumu.

Tena, unywele ukiuona kwenye sinki, au vumbi juu ya meza, mwambie mhudumu kwanza, umsalimu, umwambie. Mimi nilikatwa mshahara wa siku nzima kwa unywele mmoja ulioripotiwa mapokezi, na mgeni yule tulikuwa tumesalimiana ukumbini asubuhi ile ile. Kunguni ni jambo jingine, hao waambie mapokezi mara moja, maana mhudumu hana uwezo wa kufunga chumba.

---

Kutoka: Toronto

Dada zangu, Mungu awalipe. Makopo na mifuko nimerudisha dukani. Leo nimepiga simu hotelini, nimeulizia sakafu. Vyumba vya vigae wanavyo viwili tu, vyote vya chini karibu na bustani, na kimoja wameniandikia. Chujio la kiyoyozi nimewaomba walifue kabla hatujafika, na aliyepokea akasema ataliandika kwenye daftari la fundi. Nitapiga tena wiki moja kabla.

Swali la mwisho. Dada wa Leicester, nikirudi Toronto, nguo zote nizitie kwenye mashine ya kukaushia kabla ya kuzifua, au baada?

---

Kutoka: Leicester

Kabla. Zikiwa kavu, moto wa juu kabisa, nusu saa, ndipo uzifue. Nguo zilizolowa huchelewa kupata moto. Sanduku libaki varandani mpaka ulisugue mishono yake yote, na magurudumu.

Na siku ya kwanza utakapokwenda nyumba ya harusi, nenda na mkoba wa mkononi tu. Sanduku liache hotelini mpaka usiku wa pili upite salama. Mamangu sasa huwaambia hivyo wageni wetu wote, na hakuna aliyechukia.