Mama ana aleji ya salfa. Je, salfa ya mikorosho nayo imo?

BintiKitangari ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Swali langu ni la dawa na la shamba kwa pamoja, sikujua niliweke wapi, mtanisamehe.

Mama yangu ana aleji ya salfa, na si aleji ya kujikunakuna. Mwaka 2003, mimi nikiwa darasa la tano, aliugua malaria akapewa zile tatu za kumeza kwa mpigo, Fansidar. Baada ya siku kama tisa homa ikarudi, tukadhani malaria haijaisha. Kesho yake asubuhi midomo imejaa malengelenge, macho yamegandana, na alipogeuzwa kitandani ngozi ya mgongoni ikabaki kwenye shuka. Lile shuka nililiona. Bibi alilichoma moto nyuma ya jiko bila kusema neno. Mama akalazwa wiki sita hospitali ya misheni, akarudi na kadi imeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: SALFA.

Sasa sisi wa Newala mnatujua. Ukisema salfa hakuna anayewaza zahanati, kila mtu anawaza unga wa kupulizia mikorosho. Basi ukoo mzima ukakata shauri kwamba mama na salfa wasionane. Kila mwezi wa sita mashine zikianza kuunguruma alfajiri, mama anapandishwa basi kwenda kwa mama mdogo Mtwara mjini, hadi mwezi wa tisa. Miaka ishirini na ushee sasa. Harusi ya mdogo wangu imempita. Msiba wa shoga yake wa utotoni umempita, aliambiwa kwa simu. Mifuko ya salfa tunahifadhi kwa jirani, na nguo za kupulizia hazikanyagi kwenye beseni lake.

Mwaka huu kagoma. Kasema mikorosho aliipanda yeye na marehemu baba, hawezi kuendelea kuikimbia kama mwizi.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni kingine. Mwezi uliopita mkojo ulikuwa unamchoma, akaenda mwenyewe duka la dawa. Akasema kabisa, "Mwanangu, mimi nina aleji ya salfa." Yule kijana akamjibu, "Mama, hii siyo salfa, hii septrini." Akachota vidonge kwenye kopo, akavihesabia kwenye kibahasha, juu akaandika "Cotri 2×2 siku 5". Mama akameza viwili saa mbili usiku. Saa nane ananiamsha: midomo inawaka, viganja vinawasha, jicho moja limekuwa jekundu kama pilipili. Alfajiri tukawa kituo cha afya. Daktari alipoona kibahasha, kisha kadi, alishika kichwa. Namshukuru Mungu alikuwa amemeza mara moja tu, siku ya tatu midomo ikarudi.

Naomba kueleweshwa. Septrini ina salfa? Kama inayo, mbona haisemi? Na hii ya mikorosho ndiyo hiyohiyo, au mama yangu tumemsafirisha bure miaka yote hii?

PwezaMkavu:

Pole sana dada. Salfa ni salfa tu, iwe ya kidonge iwe ya mfuko. Mjomba wangu wa Mikindani akipita karibu na shamba linalopuliziwa anakohoa wiki nzima. Mpeni mama maziwa fresh glasi mbili kila siku kabla ya msimu, yanakata sumu. Na asirudi shamba.

MfamasiaMasasi:

Pweza kaka yangu, maziwa yaache kwenye chai. Hayakati aleji.

BintiKitangari, pole wewe na mpe pole mama. Nakaa dirishani natoa dawa mwaka wa kumi na mbili huu, na hiki ulichoandika nimekisikia kwa sura nyingi. Nakujibu swali la septrini kwanza, kwa sababu ndilo lingemuua.

Ndiyo, septrini ina salfa. Jina lake la kitaalamu ni co-trimoxazole, ndiyo hiyo "cotri" ya kwenye kibahasha. Ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: sulfamethoxazole miligramu 400 na trimethoprim miligramu 80. Salfa ni hiyo ya kwanza. Kwenye kopo imeandikwa, herufi ndogo chini ya jina kubwa. Tatizo ni kwamba mgonjwa halioni kopo, anaona kibahasha. Na yule kijana naye hakugeuza kopo kusoma, alijibu kwa jina alilozoea kuliita. Kwanza ile ni dawa ya cheti. Alitakiwa kudai cheti, asingekuwa na haja ya kubishana na mtu aliyekuja na onyo lake mdomoni.

Fansidar nayo ni mbili kwa moja: sulfadoxine miligramu 500 na pyrimethamine miligramu 25, mtu mzima vidonge vitatu mara moja. Ndiyo SP. Serikali iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 klorokwini ilipoanza kushindwa, ikaachwa mwishoni mwa 2006 Dawa Mseto ilipoingia. Ndiyo maana akina mama wengi wa umri wa mama yako wana kadi zenye neno "salfa". Wengi ni wa miaka hiyo. Metakelfin nayo ilikuwa ukoo huohuo.

Kwa hiyo sulfadoxine na sulfamethoxazole ni mtu na mdogo wake. Mwili wa mama ulimtambua mdogo mtu kwa sura ya kaka yake. Safari ya kwanza ulichukua siku tisa, safari ya pili masaa sita. Ndivyo inavyokuwa, mara ya pili mwili hauulizi hodi. Yale ya 2003, malengelenge mdomoni, macho, ngozi kubanduka, yanaitwa Stevens-Johnson, na yakizidi huua. Mtu akishapata hayo, hamna cha "tujaribu kidogo tuone". Hapewi tena maisha yake yote.

Sasa ya shamba. Hiyo siyo hiyo.

Salfa ya mikorosho ni kiberiti upele, ule unga wa njano wenyewe, kama wazee walivyoupaka kwenye upele. Ni elementi. Imo kwenye mayai, imo kwenye kitunguu saumu, imo kwenye nywele zako na kucha zako. Mama angekuwa na aleji nayo asingeishi. Salfa ya dawa ni molekuli kubwa iliyotengenezwa kiwandani, ambayo kiberiti ni kipande kimoja tu ndani yake, kimeshikana na vingine. Kinachougombanisha mwili ni ile molekuli, hasa mabaki yake ini likishaivunja. Wazungu wana maneno mawili yanayofanana, sisi tukayabana yote kuwa "salfa". Ni kama Mtama ya Lindi na mtama wa uji. Jina moja, lakini huwezi kwenda Mtama na kijiko.

Kwa upande wa aleji, basi, ndiyo, mmemsafirisha bure. Samahani kusema hivyo.

Ila usikimbie kumwita mama shambani bado. Naomba unijibu: macho yake yakoje sasa hivi? Yanawasha, yanauma kwenye jua, yanakauka? Na ana pumu?

BintiKitangari:

Nimesoma mara tatu. Nimemsomea na mama, kakaa kimya muda mrefu halafu kauliza, "Kwa hiyo ningemzika Somoe?" Somoe ndiye huyo shoga yake.

Pumu hana. Macho ndiyo. Tangu ule mwaka hayana machozi. Hata msibani analia bila machozi, watu walishamsema. Juani anajifunika khanga usoni. Anatumia matone anayonunua mjini, tulidhani ni uzee.

Na nina lingine: anameza dawa ya presha, bendro, mwaka wa nane. Jana mtu kaniambia nayo ina salfa. Nimeogopa, leo sijampa.

MfamasiaMasasi:

Mpe. Tafadhali mpe leo hii, presha haisubiri mjadala.

Bendro, na ile Lasix ya kukojoza, kwenye molekuli zao kuna kipande kinachofanana na cha salfa. Lakini hazina ile sehemu hasa inayosababisha balaa la septrini, na watu wengi wenye aleji ya septrini wanazitumia salama. Kwa mama ushahidi unao nyumbani: miaka minane na hajapata hata upele. Akienda kliniki ya presha amwambie daktari historia yote ya 2003, ili aijue na aamue yeye. Kuiacha mwenyewe hapana.

Za kumkataza kabisa: septrini, SP, na ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, silver sulfadiazine. Hii ya mwisho watu wanaisahau kwa kuwa ni ya kupaka. Pia matone ya macho yenye sulfacetamide, na wewe umesema ananunua matone mjini, hebu soma kichupa leo.

Zisizomhusu, ingawa majina yatakutisha: kila chenye "sulphate" mwishoni. Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito ni ferrous sulphate, dawa ya pumu ni salbutamol sulphate. Hiyo ni chumvi tu, mwacheni ameze. Sabuni ya salfa ya upele nayo ni kiberiti, siyo dawa ya salfa.

Mkojo ukimsumbua tena, dawa zisizo za salfa zipo, nitrofurantoin mojawapo, ila kwanza apimwe mkojo na daktari aangalie figo zake. Na pale kituo cha afya muombeni daktari ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa ya TMDA, ile mamlaka ya dawa. Si kumshitaki mtu, ni ili ijulikane.

Macho sasa. Hayo si uzee, ni kovu la 2003. Ule ugonjwa huunguza tezi za machozi. Apelekwe kwa daktari wa macho, siyo duka la miwani. Na vumbi la salfa linawasha jicho zima la kijana, sembuse jicho lisilo na machozi ya kujisafisha. Kwa hiyo mimi namzuia kupulizia kwa sababu ya macho, siyo kwa aleji. Kukaa kijijini kwake, kufua, kuzika watu wake, simzuii.

BwanashambaMstaafu:

Binti yangu, mimi nimezunguka na mashine za salfa tangu kituo cha utafiti cha Naliendele walipokuwa wanatufundisha ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mfamasia amesema vizuri, naongeza ya shamba tu.

Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa kwenye maua na upepo umelala. Jua likipanda na upepo ukaanza, unga wako unakwenda kwa jirani na hasara ni yako. Mkimaliza asubuhi, mchana vumbi limetua. Mama abaki ndani madirisha yamefungwa mpaka saa nne hivi, mikorosho iliyo karibu na nyumba mpulizie siku ambayo upepo unatoka nyumbani kwenda shamba, siyo kinyume chake. Mnarudia kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo si miezi mitatu mfululizo ya kumfungia, ni asubuhi chache.

Ipo pia salfa ya maji, haina vumbi kama hiyo. Kwa miti mitano sita ya uani mngeitumia hiyo. Ndoo yake na bomba lake viwe vya kazi hiyo tu.

Anayepulizia avae miwani ya kuziba pembeni na kitambaa kizito puani, na asivute sigara. Hilo la sigara vijana wananicheka. Salfa ni kiberiti, vumbi lake hewani linashika moto, na moshi wake unakaba kifua kuliko unga wenyewe. Mfuko wa kilo 25 usiweke chumba cha kulala, hata kama mwizi yupo.

PwezaMkavu:

Nimeelewa wakuu, maziwa nayafuta. Ila mjomba wa Mikindani anakohoa kweli.

MfamasiaMasasi:

Anakohoa kwa sababu ni vumbi, na huenda ana pumu. Apimwe. Si aleji ya salfa na asiandikwe hivyo kwenye kadi, atakuja kunyimwa dawa anayoihitaji kwa kosa la jina.

Na wewe BintiKitangari, lile neno jekundu kwenye kadi ya mama halitoshi, ndilo lililomponza. Muombe daktari aandike upya: "Stevens-Johnson 2003 baada ya SP. Asipewe co-trimoxazole (septrini) wala sulfonamide yoyote ya bakteria." Sulfonamide ndilo jina la ukoo wa dawa hizo. Naye mama afundishwe kusema hivi dukani: "Fansidar ilinibabua ngozi, septrini ilinivimbisha midomo, nipe dawa ambayo si ya ukoo huo." Akijibiwa "hii siyo salfa", aseme "nionyeshe kopo".

BintiKitangari:

Nimesoma kichupa cha matone. Imeandikwa hypromellose tu. Nimeshukuru.

Mdogo wangu, yule wa harusi, ana mimba ya miezi mitano na kliniki wamempa SP mbele ya nesi wiki iliyopita. Nilitetemeka, nikampigia. Hana kitu, anakula mihogo.

MfamasiaMasasi:

Aleji ya mama haimkatazi yeye, SP kwa mjamzito inamkinga na malaria. Amtajie nesi ya mama, na akiona vidonda mdomoni au upele ndani ya wiki chache hizi arudi siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.

BintiKitangari:

Sawa. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho, tumeshakata tiketi ya basi la alfajiri. Mama kasema safari hii anataka ya kwenda na kurudi.

Bwanashamba, shikamoo, hiyo salfa ya maji nimeipigia simu. Mama keshachagua mti wa kuanzia, ule wa mlangoni, na kaniambia nimnunulie miwani ya kuziba pembeni hata kama atakuwa ndani, apate kuchungulia dirishani kama tunaruka matawi.

Na beseni lake kalirudisha uani kwenye nguo zetu.